Kiti Kimoja cha Upinzani



Kuna swali ambalo sisi tunaoandika makala haya tumeulizwa mara nyingi, katika semina za uraia, nje ya mahakama, na hata kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: mbunge mmoja wa upinzani, au wawili, watafanya nini katika Bunge lililojaa watu wa chama tawala? Si afadhali wajiunge na wenye nguvu ili watu wao nao wapate barabara na maji? Anayeuliza hivyo si lazima awe adui wa mageuzi. Mara nyingi ni mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri ili apige kura, akarudi nyumbani akiwa na matumaini, kisha akamwona mjumbe wake akizomewa Bungeni mwaka baada ya mwaka bila kupitisha hata mswada mmoja. Uchovu wake ni wa haki, naye anastahili jibu.

Hatutamjibu kwa nadharia. Tutamjibu kwa maisha ya mtu mmoja, Grant Notley, ambaye kwa muda wa miaka 11 alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika Bunge la jimbo la Alberta, huko Kanada. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Kanada ilirithi mfumo wa Bunge kutoka Uingereza kama tulivyourithi sisi. Wana Spika, wana kipindi cha maswali, na wana mtindo ule ule wa kura ambao humpeleka Bungeni aliyepata kura nyingi zaidi katika eneo lake, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali. Pili, Notley hakuwahi kushika serikali hata siku moja. Ikiwa kazi yake ilikuwa na maana, basi maana hiyo haikutokana na uwaziri wala gari la bendera. Ilitokana na upinzani wenyewe.

Vyama vingi kwa sheria, kimoja kwa mazoea

Kanada ni shirikisho la majimbo 10. Kila jimbo lina Bunge lake na Waziri Mkuu wake, nalo ndilo lenye mamlaka juu ya shule, hospitali na utajiri ulio ardhini. Alberta ni jimbo la magharibi, lenye mashamba makubwa ya ngano, na tangu mwaka 1947 lenye mafuta mengi. Liliundwa mwaka 1905, na tangu siku hiyo halijawahi kuwa na sheria ya chama kimoja.

Hata hivyo, tazameni historia yake. Chama cha Waliberali kilitawala kuanzia 1905 hadi 1921. Chama cha wakulima, United Farmers of Alberta, kikatawala hadi 1935. Chama cha Social Credit kikatawala kwa miaka 36, hadi 1971. Wahafidhina wa Progressive Conservative wakatawala miaka 44, hadi 2015. Katika miaka 110 jimbo lilijua vyama vinne tu madarakani, na hakuna hata kimoja kati yake kilichoangushwa kikarudi kutawala kwa jina lake. Yatupasa tulitafakari jambo hili, sisi tuliodhani kwamba kifungu cha katiba kikishafutwa kazi imekwisha. Sheria huweza kuruhusu vyama vingi, na mazoea yakaacha kimoja tu.

Tena, ndugu zetu wa makanisa hawana budi kujua kwamba mazoea hayo yalijengwa kwa sehemu kutoka mimbarini. William Aberhart, mwasisi wa Social Credit huko Alberta, alikuwa mwalimu mkuu wa shule na mhubiri mashuhuri wa redio. Mwaka 1935, wakulima walipokuwa wamezama katika madeni na njaa ya mdororo wa uchumi, chama chake kipya kilinyakua viti 56 kati ya 63, na chama cha wakulima kilichokuwa kikitawala kikapoteza viti vyote. Aberhart alipofariki mwaka 1943, mwanafunzi wake wa Biblia, Ernest Manning, alishika usukani mpaka 1968, naye pia akawa anahubiri redioni huku anatawala. Hatusemi haya ili kuwabeza. Walianza kama watetezi wa maskini, na wengi waliwapenda kwa dhati. Lakini upendo wa watu kwa mtawala si badala ya jicho la kumwangalia.

Mwaka 1937 serikali ya Aberhart ilipitisha Bungeni mswada wa kuyalazimisha magazeti yachapishe maelezo ya serikali na kutaja majina ya watu waliowapa habari. Mwakilishi wa Mfalme hakuuidhinisha, na mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Kanada ikauamua kuwa batili. Hapo mahakama ilifanya kazi ambayo Bunge lilishindwa kuifanya.

Kwingineko hapakuwa na wa kuokoa. Mwaka 1928, wakati wa serikali ya wakulima, Alberta ilitunga sheria iliyoruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili wafanyiwe upasuaji wa kuwazuia kuzaa. Mwaka 1937 sheria hiyo ikaongezewa makali: baadhi yao hawakuhitaji tena kuulizwa kama wanakubali. Ilidumu miaka 44, ikafutwa mwaka 1972 tu, baada ya serikali kubadilika. Watu zaidi ya 2,800 walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Mwaka 1996 mahakama iliamuru mmoja wa wahanga hao alipwe fidia, na mwanamke huyo alikuwa amekatwa akiwa msichana mdogo. Hatudai kwamba mpinzani mmoja hodari angeizuia sheria hiyo. Tunalosema ni kwamba Bunge lililozoea kukubaliana na serikali hupoteza masikio, na wa kwanza kutosikika ni wale wasio na uwezo wa kupiga kelele.

Mtoto wa mkulima

Grant Notley alizaliwa tarehe 19 Januari 1939 huko Didsbury, Alberta, katika jamaa ya wakulima. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Alberta, akahitimu mwaka 1960. Kijana mwenye elimu kama hiyo, katika jimbo lenye mafuta, angeweza kujitafutia maisha ya raha. Yeye alichagua kukifanyia kazi chama kilichokuwa hakina kitu.

Chama hicho kilikuwa New Democratic Party, kinachoitwa kwa kifupi NDP. Kiliundwa mwaka 1961 kutokana na chama cha awali kilichoanzishwa Calgary, katika jimbo hilo hilo la Alberta, mwaka 1932. Kiongozi wa kwanza wa chama hicho cha awali, J. S. Woodsworth, alikuwa mhudumu wa Kimethodisti kabla ya kuingia siasa, na kiongozi wa kwanza wa NDP nchini kote, Tommy Douglas, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Basi mimbara haikuwa upande mmoja. Imani ile ile iliyowapa watu wengine utiifu kwa serikali iliwapa wengine ujasiri wa kuihoji, na kila Mkristo alipaswa kujichagulia mwenyewe.

Mwaka 1962 Notley alifanywa katibu wa chama jimboni. Kazi ya katibu wa chama maskini tunaijua: kuendesha gari usiku kucha kwenda kukutana na watu wachache katika ukumbi wa kijiji, kuandika kadi za uanachama na kuomba michango midogo midogo. Aligombea ubunge akashindwa, akagombea tena akashindwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1967 chama chake kilipata karibu kura 16 kwa kila 100 zilizopigwa, na hakikupata kiti hata kimoja. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 29, akachaguliwa kuwa kiongozi wa chama hicho kisicho na mbunge.

Hatimaye akaacha kugombea mjini akaenda kaskazini, katika eneo la Spirit River-Fairview, nchi ya wakulima kwenye bonde la mto Peace, mamia ya kilomita kutoka makao makuu ya jimbo yaliyoko Edmonton. Mwaka 1971 watu wa huko walimchagua. Uchaguzi huo ndio ulioiangusha Social Credit. Peter Lougheed na Wahafidhina wake walipata viti 49 kati ya 75, Social Credit ikabaki na 25, na NDP ikapata kimoja, cha Notley.

Kazi ya mtu mmoja

Mtu mmoja kati ya 75 hawezi kupitisha mswada. Hawezi kuangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani. Hawezi hata kuhudhuria kila kamati, kwa maana kamati mbili zikikutana saa moja, mwili wake ni mmoja. Je, anaweza nini?

Anaweza kuuliza. Waziri anapoulizwa swali Bungeni mbele ya waandishi wa habari, hana budi kujibu au aonekane hana jibu. Notley alijizoeza kusoma makaratasi ambayo wengine hawakutaka kuyasoma, yaani hesabu za serikali, mikataba na bajeti za idara. Miaka hiyo bei ya mafuta ilipanda ghafla na Alberta ikajaa fedha. Mwaka 1976 serikali ya Lougheed iliunda hazina maalumu ya akiba kutokana na mapato ya mafuta, iliyoanzishwa kwa dola bilioni 1.5. Katika mambo makubwa yaliyobishaniwa kuhusu hazina hiyo, moja lilikuwa jambo ambalo kila mwanasheria wa katiba hulijua: je, baraza la mawaziri lina haki ya kuwekeza fedha za umma kwanza na kuliarifu Bunge baadaye? Notley alishika msimamo kwamba fedha za wananchi zisitoke bila idhini ya wawakilishi wa wananchi. Vilevile alihoji mapatano ya serikali na makampuni makubwa ya mafuta, akitaka kujua nani anachukua faida na nani anabeba hasara. Kura zake zilishindwa, lakini maswali yake yalichapishwa.

Hapa lazima tuwe waadilifu na kumpa Lougheed haki yake. Ni serikali yake iliyoanzisha mwaka 1972 uchapishaji wa kumbukumbu rasmi za Bunge la Alberta, Hansard, neno kwa neno. Kabla ya hapo maneno ya mpinzani yalipotea hewani pindi alipoketi. Tangu hapo kila swali lilibaki kwenye karatasi, pamoja na jibu lake au ukosefu wa jibu. Chama tawala chenye kujiamini kiliweka chombo ambacho mpinzani wake alikitumia kuliko mtu mwingine yeyote. Sisi tunaodai mageuzi tusidharau vyombo kama hivi kwa kuwa vinaonekana vidogo. Kumbukumbu za Bunge, kanuni za Spika na tarehe ya bajeti ndizo zana za mtu mmoja, kama jembe lilivyo zana ya mkulima.

Kisha tazameni hesabu. Mwaka 1975 Wahafidhina walipata viti 69 kati ya 75, na NDP kimoja. Mwaka 1979 walipata 74 kati ya 79, na NDP kimoja. Mwaka huo wa 1979 Wahafidhina walipigiwa kura zipatazo 57 kwa kila 100, wakatwaa zaidi ya viti 93 kwa kila 100. NDP ilipigiwa karibu 16 kwa 100, ikapewa kiti kimoja. Yaani nyuma ya mtu yule mmoja walisimama makumi ya maelfu ya wapiga kura katika kila pembe ya jimbo, wasio na mwakilishi mwingine. Mtu akituuliza tena, "Mmoja atafanya nini?" tutamjibu kwamba huyo mmoja kwenye orodha ya Spika si mmoja katika nchi. Akinyamaza, wanaonyamazishwa ni wale wote. Akinunuliwa, wanaouzwa ni wale wale.

Viti viwili

Tarehe 2 Novemba 1982 Alberta ilipiga kura tena. Wasomaji wetu hawajausahau mwaka huo. Mwezi Juni katiba yetu ilikuwa imeongezewa kifungu cha 2A, na kuanzia hapo hadi Desemba 1991 kuwa mpinzani nchini Kenya kulikuwa ni kosa mbele ya sheria. Huko Alberta kuwa mpinzani hakukuwa kosa, bali kulikuwa karibu ni upweke mtupu: Wahafidhina walishinda viti 75 kati ya 79. Notley alirudi, na safari hii hakuwa peke yake, kwa kuwa Ray Martin alishinda kiti cha pili mjini Edmonton. Wawili wengine, waliokuwa zamani wa Social Credit, walishinda kama wagombea wa kujitegemea.

Likazuka swali la kisheria. Wawili huku na wawili kule, ni nani Upinzani Rasmi? Si swali la heshima tu. Kiongozi wa Upinzani Rasmi huuliza kwanza, hupewa ofisi na fedha za watafiti, na husikilizwa anapojibu hotuba ya bajeti. Spika, Gerard Amerongen, ambaye mwenyewe alichaguliwa kwa tiketi ya chama tawala, aliamua kwamba nafasi hiyo ni ya NDP, chama kilichokuwa kimepigiwa karibu kura 19 kwa kila 100 jimboni. Wasomaji watakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wetu wa Desemba 1992, FORD-Kenya na FORD-Asili vilitoka na viti 31 kila kimoja, nasi tukajionea jinsi swali la nani aongoze upinzani linavyoweza kuwatenganisha watu ambao adui wao ni mmoja. Faida ya kuwa na Spika mwenye kufuata kanuni huonekana siku kama hizo.

Hivyo, baada ya miaka 20 ya kazi tangu alipokuwa katibu, Notley alikuwa Kiongozi wa Upinzani, akiwa na jeshi la watu wawili.

Ijumaa moja ya Oktoba

Tarehe 19 Oktoba 1984, siku ya Ijumaa, alipanda ndege ndogo ya abiria kutoka Edmonton kurudi kaskazini kwa watu wake. Ndani ya ndege walikuwa watu 10. Mmoja wao alikuwa Larry Shaben, waziri katika serikali ya Lougheed na Mwislamu wa kwanza kuwa waziri nchini Kanada. Usiku huo, katika hali mbaya ya hewa, ndege iligonga mlima wenye msitu na theluji karibu na mji wa High Prairie. Watu 6 walikufa, na Grant Notley alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Walionusurika walikuwa 4: rubani, waziri Shaben, askari polisi, na mfungwa aliyekuwa akisindikizwa na askari huyo kwenda kujibu mashtaka. Mfungwa ndiye aliyekuwa na majeraha madogo kuliko wote. Alimfukua askari wake kutoka katika mabaki ya ndege, akatafuta kuni, akawasha moto na kuwaweka wenzake hai usiku kucha katika baridi hiyo hadi walipookolewa. Tumelitaja jambo hili kwa sababu linatufundisha adabu ya siasa. Mpinzani na waziri walikuwa wamepanda ndege moja kwa kuwa wote wawili walikuwa wanarudi kwa watu wa kaskazini waliowatuma. Mbele ya mlima hakukuwa na chama tawala.

Baada yake

Mwanzoni mwa mwaka 1985 ulifanyika uchaguzi mdogo katika eneo la Spirit River-Fairview, na NDP ikakihifadhi kiti hicho kwa mgombea mwingine, Jim Gurnett. Mwaka 1986, chini ya Ray Martin, chama kilipata viti 16. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu mazishi, na mti ukazaa. Wengi walisema, kama angaliishi!

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1989 kilipata tena 16, na mwaka 1993 kikapata sifuri. Kazi yote ya miaka 30 ilionekana kufutwa usiku mmoja. Mwaka 1997 kilirudi na wabunge wawili. Mwaka 2008, kati ya viti 83, kilikuwa bado na wawili tu. Mmoja wao alikuwa Rachel Notley, binti wa marehemu, mwanasheria, aliyechaguliwa katika eneo la Edmonton-Strathcona.

Najua baadhi yenu mtanung'unika hapo, kwa maana nchi yetu imechoshwa na watoto wanaorithi viti vya baba zao kama ng'ombe. Walakini huyu hakurithi kiti. Aligombea katika mji ambao haukuwa eneo la baba yake, miaka 24 baada ya kifo chake, katika chama kisicho na serikali wala fedha. Wanachama walimchagua kuwa kiongozi tarehe 18 Oktoba 2014, siku moja kabla ya kutimia miaka 30 tangu ajali ile. Wakati huo alikuwa na wabunge wanne, yeye mwenyewe akiwamo.

Miezi miwili baadaye lilitokea jambo ambalo msomaji wa Kenya atalitambua bila kuelezwa. Chama kikubwa cha upinzani wakati ule kilikuwa Wildrose, cha mrengo wa kulia. Desemba 2014 kiongozi wake, Danielle Smith, aliongoza wabunge wengine wanane kuhama upinzani na kujiunga na chama tawala. Walitoa sababu zile zile tunazozisikia hapa kila mara, kwamba umoja ni bora, na kwamba kazi za wananchi zitaendeshwa vizuri zaidi kutoka ndani. Chama tawala kilifurahi, kikaitisha uchaguzi mwaka mmoja kabla ya wakati uliowekwa.

Tarehe 5 Mei 2015 wananchi walijibu. Katika wale tisa waliohama, hakuna hata mmoja aliyerudi Bungeni. Wengine walikataliwa na wanachama kabla hata ya kufika kwa wapiga kura. Wildrose, chama walichokitelekeza, kilipata viti 21. NDP ya Rachel Notley ilipata viti 54 kati ya 87, na utawala wa miaka 44 ukaanguka bila risasi hata moja. Mwaka 2019 alishindwa na chama kipya cha United Conservative, akakabidhi madaraka, akarudi katika kiti ambacho baba yake alikifia, kiti cha Kiongozi wa Upinzani. Mwaka 2023 alishindwa tena, akiwa na viti 38, safari hii na Danielle Smith yule yule aliyekuwa amerudi kwenye siasa. Mwaka 2024 aliacha uongozi wa chama, na mwisho wa mwaka huo akaacha ubunge.

Pingamizi

Mtu atasema kwamba ushindi wa 2015 haukutokana na Grant Notley, bali na kugawanyika kwa mrengo wa kulia. Kuna ukweli. NDP ilipigiwa karibu kura 41 kwa 100, na waliobaki wakagawana vyama. Walipoungana mwaka 2017, walishinda mwaka 2019. Mfumo huu wa kura haumhurumii yeyote anayegawanyika, awe mtawala au mpinzani. Sisi tulilijua hilo mwaka 1992, aliyekuwa madarakani aliposhinda kwa kura zisizofika 40 kwa kila 100 kwa kuwa wapinzani wake hawakukubaliana juu ya jina moja. Lakini mgawanyiko wa wengine humfaa nani? Humfaa aliyekuwapo. Siku chama tawala kilipopasuka, Alberta ilikuwa na chama kingine chenye jina, rekodi na wanachama, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 50 kulikuwa na watu waliokataa kukifunga hata kilipobaki na kiti kimoja, na hata kilipobaki bila kiti.

Mwingine atasema kwamba Smith alihama, akaadhibiwa, na bado akawa Waziri Mkuu mwaka 2022. Basi usaliti hulipa. Hatutaficha kwamba ilikuwa hivyo. Siasa si Siku ya Hukumu, na si kila kosa hulipwa humu duniani. Ila zingatieni kwamba hakuinuliwa na ule uhamaji. Uhamaji ulimtoa Bungeni kwa miaka saba. Alirudi kwa kuomba kura za watu wale wale aliowaacha. Hata yeye ilimbidi arudi kwa mwananchi.

Na wa mwisho atasema kwamba Notley alikufa bila kuona matunda. Ni kweli, na kwetu sisi ndiyo maana kamili ya maisha yake. Ikiwa upinzani ni chumba cha kungojea ikulu tu, basi alipoteza miaka 22. Lakini upinzani ni kazi ya dola kama ilivyo ya jaji au ya mkaguzi wa hesabu. Jaji hangojei kuwa rais ndipo hukumu zake ziwe na maana. Fedha iliyoulizwa habari zake Bungeni ni vigumu zaidi kuibwa, na sheria mbaya iliyopingwa hadharani haiwezi kusemwa kwamba ilikubaliwa na wote. Matunda hayo yanakuja siku ile ile, hata kama hayapigiwi vigelegele.

Basi yule ndugu aliyetuuliza swali nje ya kanisa, tunamrudishia swali jingine. Mbunge wako wa upinzani aliuliza nini Bungeni mwaka huu? Je, umesoma kumbukumbu za Bunge, au umesikia tu kwamba alizomewa? Aliporudi nyumbani Ijumaa, nani alikwenda kumsikiliza na kumpa taarifa ya zahanati isiyo na dawa na fedha za basari zilizopotea? Kikundi cha haki na amani cha parokia yako kimewahi kumwandikia barua na kungoja jibu? Notley hakudumu kwa ushupavu wake peke yake. Wakulima wa kaskazini walimchagua mara nne mfululizo, wakijua wazi kwamba hakuwa na waziri wa kumwombea barabara. Walitaka mtu wa kuuliza kwa niaba yao.

Tukimchagua mmoja, tusimwache peke yake.